Mwaka Niliohurumiwa Bila Kujua

Kwa mwaka mmoja na miezi michache nilipendwa sana nyumbani kwangu. Nasema nilipendwa kwa sababu ndivyo nilivyoelewa wakati ule, na ndivyo nilivyowasimulia walimu wenzangu kule chuoni Thika tulipokuwa tukinywa chai ya saa nne. Niliwaambia mama mkwe wangu amebadilika. Mwanamke ambaye kwa miaka kumi na mmoja aliniita "huyo wenu" nikiwa nimesimama palepale, sasa alikuwa akifika kwetu Kimbo kila Jumamosi asubuhi na kikapu cha mboga za managu na terere alizochuma mwenyewe. Aliingia jikoni kwangu bila kusubiri kukaribishwa, akanipikia maini, kisha akasimama mlangoni mpaka nimalize sahani. "Kula, mama. Damu inataka chakula." Mwalimu wa mapishi alicheka akasema mimi nina bahati, mama mkwe wake hajawahi hata kumwoshea kikombe. Nami nikajiona nina bahati kweli. Nilijisifu. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilijisifu.

Nianze na homa.

Ilikuwa majira ya mvua ndefu. Nilishikwa na homa na tumbo la kuendesha siku nne mfululizo, nikawa nafundisha huku nimeegemea meza ya kukatia vitambaa. Mimi ni mwalimu wa ushonaji. Siku zangu hupita kati ya chaki, mkasi na cherehani ishirini zinazolia kwa pamoja. Siku ya tano nilishuka Ruiru, nikaingia kliniki moja ndogo iliyo ghorofani, juu ya duka la viatu. Mwanamume aliyevaa koti jeupe akanitoa damu, akasema watapima malaria, taifodi, na damu nzima, yaani kuhesabu seli za kila aina zilizomo. Stima zikapotea kabla mashine haijamaliza. Akaniambia nirudi kesho.

Kesho yake wanafunzi wangu walikuwa na mtihani. Mume wangu anauza vifaa vya ujenzi katika duka lililo hapohapo Ruiru, hatua chache tu kutoka kliniki. Akaniambia, "Wewe enda kazi. Hayo majibu nitayapitia mimi saa ya lanchi." Nikaona ni wema. Jioni akaja na dawa ndani ya bahasha ya kaki.

"Wamesema nini?"

"Taifodi kidogo tu. Kunywa hizi siku saba."

"Na karatasi?"

"Walibaki nayo."

Sikuuliza tena. Mtu akikuletea dawa mkononi, akakuchemshia maji ya kumezea, utamuuliza karatasi ya nini? Nilimeza dawa, homa ikaisha, nikarudi kazini, nikasahau.

Mambo mengine yalianza polepole, na kila moja lilikuja na sababu yake. Kwanza alisema mgongo unamsumbua, godoro letu ni laini mno. Akahamia chumba cha watoto, kitanda cha chini, na binti yetu akaja kulala na mimi. Nilimnunulia dawa ya kuchua mgongo. Kisha akaniletea kikombe kikubwa chenye mfuniko, akasema nimechoka kunywa chai iliyopoa, hiki ni changu peke yangu. Kile kikatio cha kucha tulichotumia sote kikapotea, vikaja viwili. Wifi yangu, dada yake mkubwa anayeishi upande wa pili wa barabara, alikuwa akimleta binti yake kwangu kila Jumapili nimsuke. Jumapili moja hakuja. Iliyofuata vilevile. Nilipouliza, wifi akasema shule inataka nywele fupi. Wiki mbili baadaye nilimwona yule mtoto kanisani na rasta mpya mpaka mabegani. Nilimuuliza mume wangu kama nimemkosea dada yake.

"Hayo ni mambo ya wanawake," akasema. "Mimi siyajui."

Hili la nywele lilinisumbua kidogo. Lakini lilikuwa jambo moja baya kati ya mema mengi. Mume wangu aliacha kulalamika chakula kikichelewa. Akitoka kazini ananiletea machungwa, ananiletea bitiruti. Nikibeba ndoo ya nguo anakuja kuichukua. Hakunigombeza hata mara moja mwaka mzima, na mimi, mjinga, nilimshukuru Mungu kwamba wanaume wengine hukua wakishafika miaka arobaini. Kitu pekee nilichokosa ni yeye mwenyewe. Hakunigusa. Nilidhani ni mgongo.

Niliijua habari kamili Jumamosi moja, mwaka uliofuata, nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yetu. Tulikuwa tunamhamisha shule, na mwalimu mkuu alitaka nakala. Mume wangu alikuwa dukani, na mama mkwe alikuwa ametuma ujumbe kwamba wiki hiyo hatakuja, ana mazishi. Vyeti vyetu vinakaa ndani ya sanduku lililo juu ya kabati. Nilipanda kiti, nikalishusha, nikalifungua kitandani. Cheti kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na cheti chetu cha ndoa, na chini yao kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Niliona jina langu juu yake. Umri wangu. Jina la ile kliniki ya Ruiru. Ilikuwa na safu ndefu ya hesabu, na kando ya hesabu ya seli nyeupe za damu kulikuwa na alama, herufi L, ambayo hata mimi nisiyejua udaktari niliweza kukisia maana yake: ziko chini. Mbili nukta tisa. Pembeni waliandika kwamba inatakiwa kuanzia nne. Mstari mwingine chini yake, wa aina moja ya hizo seli, nao ulikuwa na herufi ileile. Na sehemu ya chini kabisa ya karatasi, kwa kalamu ya bluu, mtu alikuwa ameandika: *Arudi. Apimwe virusi.*

Pamoja nayo kulikuwa na vikaratasi vitatu vidogo. Hivyo vilikuwa na jina la mume wangu. Kimoja kilitoka Thika, kingine Juja, cha tatu Murang'a, mbali kabisa, mahali ambapo hakuna anayemjua. Alikuwa amejipima virusi vya ukimwi mara tatu, kwa kupishana miezi mitatu. Mara zote hana.

Nilikaa kitandani. Mwangaza ulikuwa mwingi chumbani, watoto walikuwa nje wakicheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira, nawasikia wakihesabu. Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka nilitazama mikono yangu, vidole vyangu vilivyojaa alama za sindano, nikawaza: sindano. Darasani tunachomwa kila siku, mwanafunzi anachomwa, ninachomwa, sindano ni zilezile. Kwa sababu mwanamume mwingine sikuwa naye, tangu nilipoolewa mpaka siku hiyo. Kama nilikuwa nayo na yeye hana, ilitoka wapi?

Kisha mawazo yakageuka. Nikaanza kukumbuka kila kitu kwa mara ya pili. Mgongo. Kikombe. Kikatio cha kucha. Rasta za yule mtoto. Maini. Mwaka mzima ulipita mbele yangu ukiwa na maana nyingine, na kila wema niliokuwa nimeuhesabu ulikuwa ni mtu ananiaga.

Nilirudisha kila kitu kilivyokuwa, isipokuwa karatasi yangu. Hiyo niliitia mkobani. Mume wangu alipokuja jioni na machungwa, niliyapokea, nikasema asante.

Jumatatu, baada ya kipindi cha asubuhi, nilienda hospitali moja hapo Thika. Nilimwambia mama wa mapokezi ninataka kupimwa virusi, na sauti yangu ikatoka ndogo kama ya mtu anayeomba kitu cha wizi. Mshauri aliyenipokea alikuwa mwanamke wa umri wangu. Aliniuliza kwa nini nimekuja leo. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma, akatazama tarehe, akanitazama mimi.

"Hii ni ya mwaka jana, mama. Ulikuwa wapi?"

"Sikuambiwa."

Alinichoma kidole, tukasubiri. Zile dakika sina namna ya kuzieleza. Nilisoma bango la chanjo ukutani mara nyingi mpaka nikalikariri. Kisha akanigeuzia kile kipande cha plastiki nikione mwenyewe. Mstari mmoja. Sina.

Nililia. Yeye akadhani nalia kwa furaha, akanishika bega. Lakini nilikuwa nalia kwa sababu ingechukua dakika hizo chache tu. Mwaka mzima, kwa jambo la dakika chache, kama mtu angenishika mkono akaniambia, twende.

Akanipeleka kwa daktari, msichana mdogo kwangu, mwenye miwani na sauti ya chini. Huyo hakuharakisha. Aliuliza kama ninaugua ugua, kama hupata vidonda mdomoni, majipu, homa zisizoisha, kama nimekonda, kama natoka jasho nikilala, kama kuna dawa ninazotumia kila siku, hata za miti. Kila jibu lilikuwa hapana. Akanipapasa shingo na makwapa, akanibonyeza tumbo upande wa kushoto akitafuta bandama. Akasema hajaona kitu. Lakini akasema pia kwamba hatasema ni sawa kwa kukisia; tutapima tena leo, ataomba mtu aangalie damu yenyewe kwa darubini, kisha tutarudia baada ya wiki tatu.

"Na kama una karatasi ya zamani, ya wakati wowote ulipopimwa damu, niletee," akasema. "Hata ya miaka ishirini."

Wiki hizo tatu ndizo ngumu zaidi nilizowahi kuishi katika nyumba ile. Nilijua sina virusi, lakini sikujua nina nini, na sikutaka kusema neno kabla ya kujua. Basi nikakaa nao nikiwatazama. Jumamosi mama mkwe akaja na kikapu chake. Nikala maini huku ananiangalia, nami namwangalia anavyoniangalia. Nilimwona wifi akipokea sahani kutoka kwangu kwenye sherehe ya jirani, akaigeuzageuza, akaiweka kando bila kuonja. Nilimwona mume wangu akichemsha vijiko. Alivichemsha vyote, vya kila mtu, ili nisitambue ni kimoja tu anachokitilia shaka. Watoto wa shule ya msingi wanafundishwa kwamba virusi haviambukizwi kwa kijiko. Yeye anajua hilo kama mimi. Na bado alichemsha.

Jambo moja lilinichanganya. Jumamosi ya pili mama mkwe alimaliza kupika, akachoka, akakaa. Chai yangu ilikuwa mezani kwenye kile kikombe changu chenye mfuniko. Akakichukua, akanywa mara mbili tatu, akafuta mdomo kwa kiganja, akanirudishia. Sikujua niweke wapi jambo hilo.

Karatasi ya zamani niliipata. Nilipojiunga na chuo cha ualimu tulitakiwa kupimwa afya, na mimi ni mtu wa kuweka vitu. Ilikuwa ndani ya faili ya shule, imegeuka rangi ya chai. Niliipeleka kwa daktari pamoja na majibu mapya mawili. Akazipanga mezani kwa mfuatano. Nikiwa na miaka ishirini na mmoja: tatu nukta moja. Mwaka jana: mbili nukta tisa. Wiki tatu zilizopita: tatu. Leo: tatu nukta moja.

"Unaona?" akasema. "Hii ndiyo hesabu yako. Umekuwa nayo tangu ujana, labda tangu uzaliwe."

"Lakini mashine inasema ziko chini."

"Mashine haikujui, mama. Imewekewa kiwango cha chini na cha juu, na ukitoka nje ya hapo inapiga alama. Hivyo viwango mara nyingi vilitengenezwa kwa kupima watu wa mahali pengine, si sisi."

Akanieleza taratibu. Seli nyeupe si kitu kimoja, ziko za aina tano, na kila aina ina kazi yake ya kupigana na magonjwa. Zangu zilikuwa sawa isipokuwa aina moja, zinazoitwa neutrofili, zinazowahi bakteria wakiingia mwilini. Hizo ni chache kidogo kwenye damu yangu. Lakini seli nyekundu ziko sawa, zile za kugandisha damu ziko sawa, na chini ya darubini zote zina umbo linalotakiwa. Akasema watu wengi wenye asili ya Afrika wako hivyo, wanazaliwa hivyo na wanazeeka hivyo. Seli wanazo, ila si nyingi zinazozunguka kwenye damu wakati wote. Ugonjwa ukija, mwili huzitoa zilipo zikafanya kazi.

"Kwa hivyo mimi si mgonjwa?"

"Wewe si mgonjwa. Kama zingekuwa zinashuka kila ukipimwa, au kama nyekundu nazo zingekuwa chini, ama unaugua mara kwa mara, hapo ningekutuma kwa mtaalamu wa damu. Tutarudia baada ya miezi sita, na ukipata homa kali usikae nyumbani, uje. Na popote utakapotibiwa, uwaambie hivi ndivyo ulivyo, wasishtuke."

Nilimuuliza kuhusu maandishi ya kalamu ya bluu. Akayasoma tena.

"Huyu hakukosea kuandika urudi," akasema. "Seli nyeupe zinaweza kushuka kwa sababu nyingi. Homa uliyokuwa nayo, dawa, ukosefu wa vitamini fulani, mambo ya uboho, na ndiyo, virusi pia. Ndiyo maana mtu anaitwa, anaulizwa, anapimwa tena. Lakini hii si kipimo cha virusi, haijawahi kuwa. Kosa ni kwamba wewe mwenyewe hukuambiwa."

Kutoka hapo nilishuka Ruiru moja kwa moja, nikapanda zile ngazi za kliniki. Mwanamume wa koti jeupe alikuwa palepale. Hakunikumbuka. Nilimwekea karatasi mbele yake nikamuuliza ni nani aliyepewa majibu haya.

Akaisoma. "Sikumbuki, madam. Lakini kama uliagiza mtu, tulimpa huyo."

"Na mlimwambia nini?"

"Tungemwambia mgonjwa arudi."

"Mlimwambia ni ukimwi?"

"Hapana! Hiyo hatuwezi kusema." Akanirudishia karatasi. "Labda aliuliza inamaanisha nini. Mtu akiuliza sana, unamwambia inaweza kuwa nini. Na si alikuwa bwana yako?"

Alisema hivyo kana kwamba lilikuwa jibu. Nilikunja karatasi yangu, nikashuka ngazi.

Nilizungumza na mume wangu Jumamosi hiyo. Nilimpigia simu dukani nikamwomba aje nyumbani mchana. Watoto niliwapeleka kwa jirani. Mama mkwe alikuwa jikoni, na nilikuwa nimetaka awepo. Niliweka mezani ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Kando yake nikaweka majibu yangu mapya.

Alipoiona ya kwanza, alivuta kiti akakaa.

"Ulipekua sanduku," akasema.

"Nilikuwa natafuta cheti cha mtoto. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulijipima mara tatu. Ulienda mpaka Murang'a. Huko ulikuwa unamlinda nani?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Ningekuuliza aje?" akasema mume wangu. "Niseme nini? Mimi sina, wewe unayo. Nikuulize ulikuwa na nani? Nilisema wacha ninyamaze, wacha tukae vizuri, watoto wasione vita."

"Kwa hivyo uliamini nilikuwa na mtu."

"Sasa ningeamini nini?"

Miaka kumi na mmoja. Nilimzalia watoto wawili. Mshahara wangu, simu yangu, safari zangu zote za Thika na kurudi anazijua. Na ilitosha herufi moja iliyopigwa na mashine.

"Soma hiyo nyingine," nikamwambia.

Akaisoma. Akairudia. Nikamweleza yote kama daktari alivyonieleza: kwamba sina virusi, sijawahi kuwa navyo, sina ugonjwa wa damu, kwamba hivi ndivyo nilivyo tangu ujana. Nikamwonyesha karatasi ya chuo. Nilitarajia aone aibu. Badala yake uso wake ulifunguka, akaruka juu, akacheka, machozi yakimtoka. "Si ile kitu! Mama, si ile kitu!" akamwambia mama yake. Kisha akachukua simu, nikamsikia akiongea na dada yake, sauti imejaa furaha: "Ni salama, yuko sawa kabisa, ilikuwa makosa tu." Alinijia mikono miwili wazi anikumbatie.

Nilirudi nyuma. Sijui kama alielewa. Kwake yeye lilikuwa limekwisha. Alikuwa amebeba mzigo mwaka mzima, na sasa ameutua, na alitaka tushangilie pamoja kwamba mzigo haukuwa wangu. Furaha ile ndiyo iliyonivunja kuliko ile karatasi. Kwa sababu ilinionyesha wazi kwamba nisingekuwa sawa, asingenikumbatia.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

Ikawa ni kutaja mmoja mmoja. Dada yake. Mama yake. Mume wa dada yake. Mzee mmoja wa kanisa aliyetakiwa kutuombea. Walikuwa hata wamekaa kikao, nyumbani kwa wifi, hapo ng'ambo ya barabara, Jumapili ambayo mimi nilibaki nyumbani nikisahihisha vitabu. Walizungumzia watoto. Binti angelelewa na wifi, mvulana angeenda kwa nyanya yake. Waliyapanga hayo, wakanywa chai, na mume wangu akavuka barabara akaja kunisalimia.

Mama mkwe ndiye aliyesema. Aliweka mwiko chini. "Mimi niliambiwa na mwanangu mwenyewe," akasema. "Ningemwambia anadanganya? Nilikuhurumia, mama. Nilisema, huyu nimemtesa miaka yote, sasa anakwenda. Wacha nimpikie."

"Ungeniambia, shosho," nikasema, kwa jina ambalo watoto humwita nyanya yao.

"Ningekuambia." Akatikisa kichwa. "Niliogopa ungejiua. Kulikuwa na mmoja kwetu aliambiwa, akajitupa mtoni. Hii ni zamani, kabla ya dawa."

Ni yeye peke yake aliyeniambia pole siku ile, na alisema akiwa amenitazama usoni. Wifi hakuja. Jumapili iliyofuata alimtuma binti yake kwangu na kitana na nyuzi za rasta, kana kwamba hakuna lililotokea. Mtoto hana kosa. Nilimsuka. Nilimsuka vizuri, nikamrudisha, na sikuvuka mlango wa mama yake.

Watu wengi wameniambia nimshukuru Mungu kwamba ni mzima. Nashukuru. Mzee wa kanisa alikuja kutupatanisha, yuleyule, akasema mume wangu alikosea kwa sababu ya mapenzi na hofu, na kwamba hakunifukuza, hakunipiga, alinitunza. Yote ni kweli. Nilimwambia ni kweli. Kisha nikamuuliza yeye mwenyewe kwa nini, alipoambiwa aniombee, hakuja kuniombea nikiwepo. Akatazama kofia yake.

Nilimalizia muhula nikiwa Kimbo. Likizo ilipoanza nilipanga nyumba ya vyumba viwili Thika, karibu na chuo, nikaenda na watoto. Binti yetu aliandikishwa shule ya huko. Mume wangu alibeba vitanda mwenyewe, akavifunga, akapigilia rafu jikoni. Ni fundi mzuri. Huja Jumapili mchana, tunakula pamoja, anawasaidia watoto hesabu, jioni anaondoka. Huniuliza ni lini nitarudi. Humwambia sijui, na si kumtesa, ni kwamba sijui. Kuna siku namwona amelala kwenye kochi, mdomo wazi, nyuzi za sweta zimeachia kiwikoni, na namhurumia mpaka natafuta sindano. Kisha nakumbuka Murang'a.

Mama mkwe bado huja. Sasa anakuja Thika, na haleti maini, nilimwomba asilete tena. Huleta ndizi na maneno mengi. Tunakorofishana. Siku moja aliniita "huyo wenu" akimlalamikia mtoto wangu kwamba ninapika chai nyepesi, na mimi nikacheka peke yangu jikoni, kwa sababu lilikuwa neno la kweli.

Miezi sita ilipofika, mume wangu aliomba kunisindikiza hospitali. Nilikubali. Tulikaa kwenye benchi la mbao bega kwa bega, naye ameshika mkoba wangu. Daktari alipoita jina langu, tulisimama wote wawili.

"Kaa hapo," nikamwambia.

Akakaa. Niliingia, daktari akanionyesha hesabu: tatu kamili. Hakuna kilichobadilika. Akasema sina haja ya kurudi tena kwa jambo hili isipokuwa nikiugua. Nilimwomba aniandikie kwenye karatasi, kwa maneno ya kawaida, kwamba hivi ndivyo damu yangu ilivyo. Akaandika, akatia sahihi, nikapeleka mkono niitie mkobani. Nilikuwa nimesahau kwamba mkoba uko nje, na karatasi ikaanguka sakafuni, tukacheka.

Nilipotoka nilimkuta mume wangu ameinama, viwiko magotini. Akainua uso, lakini hakuuliza. Nadhani hilo amejifunza. Nilimpa karatasi aisome mwenyewe, nikasubiri mpaka afike mwisho wake, nikaichukua.